Mijusi wa Jangwani: Tuangalie Kabla ya Kuokota Jiwe

Mara nyingi mtoto aonapo mjusi njiani, mkono wake hutafuta jiwe. Akimwona kinyonga, hukimbilia kwa mama yake. Amesikia ya kuwa wanyama hao wana sumu, au kwamba huleta msiba. Leo twataka kuonyesha njia iliyo bora kuliko jiwe, nayo ni kuangalia. Twende basi hata jangwa la Namib, kando ya bahari ya Atlantiki katika nchi ya Namibia, ambako majani ni haba na mjusi huonekana wazi. Mwaka 2013 UNESCO iliandika vilima vyake vya mchanga katika urithi wa dunia.

Msafiri aendaye huko kwa miguu asimtambue mjusi kwa rangi tu, maana rangi hudanganya. Juu ya miamba ataona mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, na karibu yake mwingine wa rangi ya udongo. Atadhani ni wa kabila mbili. Kumbe ni dume na jike. Kinyonga naye, asubuhi penye baridi huwa mweusi apate kuota jua. Mchana hugeuka mweupe asiungue. Ni yule yule mmoja.

Yafaa kwanza kuuliza maswali matatu: Akaa wapi? Hutoka saa ngapi? Afanya nini?

Yule wa vilima vya mchanga hutoka mchana. Pua yake ni bapa kama jembe. Mchanga ukichoma, huinua mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, kisha hubadili. Akishtuka huzama mchangani. Usiku hutoka mwingine, ndugu wa mijusi wa kuta zetu. Vidole vyake vina utando kama vya bata, nayo macho yake yasiyo na kope huyasafisha kwa ulimi. Kinyonga wa huko hutembea chini, akiwinda mbawakawa, na mkia wake ni mfupi kuliko wa kinyonga wa mitini.

Je, sumu? Katika Afrika yetu hakuna mjusi wala kinyonga auaye mtu kwa sumu. Mijusi wanaojulikana sana kwa sumu ya meno yao hukaa mbali, katika majangwa ya Marekani na Meksiko. Nyoka ni habari nyingine, na mtoto afundishwe kumwepuka.

Enyi wazazi, hofu isiyo na sababu humfanya mtoto kuwa mkatili bila kujua. Jioni mjusi atokeapo ukutani karibu na taa, mwiteni mtoto, mketi pamoja, mmwonyeshe jinsi anavyokamata wadudu. Aulize maswali yale matatu. Akisha kumjua kiumbe huyo wa Mungu, jiwe litaanguka lenyewe mkononi mwake.