Steve Hackett: aliacha kundi kubwa ili nyimbo zake zipate nafasi

Mwezi Desemba 1970, kijana mmoja wa London aliweka tangazo katika gazeti la muziki Melody Maker: mpiga gitaa anatafuta wenzake wa kuunda muziki mpya. Aliyejibu ni Peter Gabriel, mwimbaji wa kundi la Genesis.

Steve Hackett aliingia kundini mwaka wa 1971. Alipiga gitaa kwenye albamu Foxtrot (1972) na Selling England by the Pound (1973). Ni kati ya wapigaji wa kwanza wa roki waliogonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, mbinu iliyoenea baadaye.

Lakini kundini watunzi walikuwa wengi, na nafasi ilikuwa ndogo. Mwaka wa 1975, akiwa bado Genesis, alitoa albamu yake mwenyewe, Voyage of the Acolyte. Mwaka wa 1977 akaondoka.

Genesis walibaki watatu, wakapata umaarufu mkubwa zaidi. Hackett naye ametoa albamu zaidi ya 20 kwa jina lake. Jukwaani bado anapiga nyimbo za Genesis pamoja na zake; safari hii, anayechagua ni yeye.