Motokari ikichemka njiani

Kama motokari ndiyo inaleta bukari nyumbani na minervali ya watoto, unajua jambo hili: siku ile taxi inalala garaji, hata sufuria inalala.

Sasa uko njiani kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, ni karibu kilometa 120. Jua kali, watu wamejaa, mifuko ya makala iko juu. Unaona sindano ya joto inapanda ku nyekundu. Wengi wanasema: "Tufike kwanza, tutaangalia kule." Njo pale wanaua motere! Kile kifuniko cha chuma kilicho juu ya motere, kilase, kinapindika kwa joto. Joenti yake inaharibika, na maji yanaweza kuingia ndani ya mafuta. Kutengeneza kilase kunaweza kumaliza makuta ya mwezi muzima.

Simama mara moja. Zima motere. Usiguse kifuniko cha radiatere! Ndani mule maji yamefungwa kwa nguvu, yamepita digri 100. Ukifungua, yataruka na kukuunguza uso. Ngojea mpaka radiatere ipoe kabisa, hata kama abiria wananungunika. Tena usimwange maji ya baridi juu ya motere yenye moto, chuma kinaweza kupasuka.

Kisha utafika kwa mekanisie wetu wa chini ya muembe. Mimi siwazarau watu hawa. Kuko wenye kujua motere kwa sikio tu. Lakini kuko na wengine wenye dawa moja kwa kila ugonjwa: "Tutoe kalorstati." Kalorstati ni kamulango kadogo kanakozuia maji mpaka motere ipate joto ya kutosha. Ukikatoa, motere inakawia kupata joto, inakula esansi zaidi, na mara nyingi ugonjwa unabaki palepale. Basi muulize: "Maji yanaenda wapi?" Mupira umepasuka? Pompi inavuja? Radiatere imeziba? Ventilatere haizunguke? Patana bei mbele, baki pale anapotumika, na umwombe ile piese ya zamani uione kwa macho.

Asubuhi, mbele ya kuwasha, motokari ikiwa pahali sawasawa, angalia maji, kisha mafuta: yawe katikati ya alama mbili. Yakionekana kama kahawa ya maziwa, usiwashe, ita fundi.

Na fureni? Usikubali mutu akutilie maji ya sabuni ao mafuta ya motere mu fureni. Mafuta yale yanavimbisha mipira ya ndani, na siku moja utakanyaga, mukanyago utashuka mpaka chini, motokari isisimame.

Wakati wa kiangazi, vumbi inaziba filtre ya hewa upesi. Itoe, uipigepige.

Na bido ya maji ya lita 5, iko ndani ya motokari yako leo?