Uchaguzi wa Brashi Njema za Rangi za Maji



Jioni ya leo napenda kusema nanyi habari za kitu kidogo sana, nacho ni brashi ya kuchorea picha kwa rangi za maji. Huenda mtu akauliza, "Kijiti chenye nywele kina habari gani ya kutosha mazungumzo mazima?" Nami nitamjibu kwa kisa kilichonipata mwenyewe.

Nilipokuwa nikijifunza kuchora, nilinunua brashi sita kwa bei ya chini, zimefungwa pamoja, mipini yake yametameta kwa rangi nyekundu. Nikachora mnazi. Shina likawa nene kama mbuyu, maana nywele za brashi zilitawanyika kama vidole vya mkono. Na nilipoanza kuchora makuti, nywele mbili ziling'oka zikagandamana na rangi juu ya karatasi. Nikaichana karatasi, nikasema kwamba sikujaliwa mkono wa kuchora. Mwaka mzima sikugusa rangi tena. Hata siku moja mwalimu mmoja akaniazima brashi yake, nikachora mnazi ule ule, nao ukawa mnazi. Hapo nilitambua kuwa nilikuwa nimeulaumu mkono usio na hatia.

Brashi ya rangi za maji ina kazi tatu. Kwanza, ichukue maji mengi pamoja na rangi na kuyatoa polepole, ili mchoraji aweze kutandaza mbingu bila ya kukoma katikati. Maana akikoma, rangi hukauka na kuacha alama. Pili, iwe na ncha moja kali, iweze kuchora hata jani la ukoka. Tatu, iwe na nguvu ya kujinyosha: ikiinamishwa juu ya karatasi kisha ikainuliwa, irudi ilivyokuwa. Zile brashi ngumu za nywele za nguruwe, zitumiwazo kwa rangi za mafuta, hazifai hapa, kwani hazishiki maji ipasavyo, tena hukwaruza karatasi.

Tangu zamani wachoraji wengi wamezisifu kuliko zote nywele za mkia wa mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, akaaye katika nchi za baridi za Siberia na kaskazini ya China. Brashi zake huitwa kolinski. Mnyama huyu hutegwa porini, na nywele zitakiwazo ni zile za wakati wa baridi kuu. Ukiutazama unywele wake mmoja, utaona kuwa ni mwembamba shinani, umenenepa kidogo katikati, kisha umechongoka hata mwisho. Nywele nyingi za namna hii zikikusanywa, brashi hupata tumbo na ncha. Tumbo ndilo ghala ya maji, na ncha ndiyo kalamu.

Baada ya hizo huja nywele za kindi. Ni laini mno, nazo hunywa maji mengi, ila hazina nguvu ya kujinyosha. Kwa hiyo hufaa sana kwa mbingu na bahari, wala si kwa vitu vidogo. Nywele za mbuzi hutumika sana katika brashi za China na Japani. Nazo pia ni laini na hushika maji vizuri.

Lakini jihadharini na jina moja: "brashi ya nywele za ngamia." Brashi ziuzwazo kwa jina hilo hazina hata unywele mmoja wa ngamia. Ni nywele za kindi, au mbuzi, au farasi, au mchanganyiko wa hizo. Nyingine ni njema kiasi, nyingine hazifai kitu, na jina lenyewe halikuambii lolote.

Sasa natutazame jinsi brashi njema inavyotengenezwa. Fundi huzichana nywele, akaziondoa fupi na zile za sufu. Kisha huzitia katika kikombe kidogo, ncha zikielekea chini, akakigonga-gonga mpaka ncha zote zilingane. Huzifunga kwa uzi, akazipitisha katika pete ya madini, akazitia gundi, na mwisho akatia mpini. Angalieni jambo hili: fundi wa kweli hazikati ncha kwa mkasi ili kuzilinganisha. Unywele uliokatwa ncha hauchongoki tena, na brashi ya nywele hizo huwa kama ufagio. Hii ndiyo sababu ya bei: kazi ni ya mkono na ya saburi, na nywele ndefu ni haba, hata brashi kubwa huzidi sana bei ya ndogo.

Basi mnunuzi afanyeje dukani? Asihukumu kwa macho tu. Brashi mpya hupakwa gundi nyepesi ili nywele zisiharibike njiani, na kwa gundi hiyo hata brashi mbovu huonekana ina ncha. Omba kikombe cha maji safi. Ioshe brashi mpaka gundi itoke, kisha ikung'ute mara moja kwa nguvu. Njema hujikusanya yenyewe ikawa na ncha moja. Mbovu huwa na ncha mbili au tatu. Iinamishe taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba, uone kama itanyoka. Vuta nywele polepole: ukitoka unywele mmoja si neno, lakini zikitoka nyingi, irudishe. Mwisho ishike pete. Isitikisike wala kuzunguka juu ya mpini. Mwenye duka akikataa kukupa maji, huenda naye aijua bidhaa yake.

Brashi hupewa namba, na kadiri namba inavyokua ndivyo brashi inavyokuwa kubwa. Lakini namba za watengenezaji mbalimbali hazilingani. Malkia Victoria wa Uingereza mwenyewe alipenda kuchora kwa rangi za maji, na mwaka 1846 alifundishwa na mchoraji Edward Lear. Mwaka 1866 kampuni ya Winsor & Newton ya London ilimtengenezea brashi bora za kolinski, na kwa kuwa aliipenda zaidi namba 7, jina la brashi hizo likawa Series 7 hata leo. Ikiwa malkia alichagua brashi moja akaipenda kuliko nyingine, nasi tusione haya kuanza na moja.

Wala mwanafunzi asiyekuwa na fedha nyingi asikate tamaa. Tangu nailoni ilipovumbuliwa Marekani mwaka 1935, watu wamejifunza kutengeneza nyuzi za brashi zisizotoka kwa mnyama. Nyingi za hizo hazishiki maji sawasawa na kolinski, lakini hujinyosha vizuri, na bei yake ni nafuu. Zijaribu kwa maji vivyo hivyo. Brashi moja ya nailoni iliyoshinda jaribio ni bora kuliko sita za mnyama zilizoshindwa.

Ukiisha kuipata, itunze. Usiiache imesimama kwa kichwa ndani ya kikombe, maana ncha itapinda. Ioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, kwani maji ya moto hulegeza gundi. Inyoshe ncha kwa vidole, uilaze mpaka ikauke kabisa, kisha uifungie mahali ambapo nondo hawafiki, kwa sababu viwavi wa nondo hula nywele. Ikitunzwa hivi, brashi njema hudumu miaka mingi.

Wazee wetu walisema, rahisi inavunja upishi. Mtoto wako akiitupa karatasi na kusema kwamba hawezi kuchora, usimkemee kwanza. Chovya brashi yake majini, uikung'ute, uitazame ncha. Huenda mkono wake hauna kosa.