Ngoma za Bara Hindi na Ngoma Zetu

Leo twapenda kueleza habari za ngoma za asili za Bara Hindi, na namna zinavyoweza kuchezwa pamoja na muziki wa mataifa mengine. Tangu reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, Wahindi wamekuwa majirani wa watu wa mji ule. Lakini jirani hujulikana kwa duka lake kabla ya kujulikana kwa ngoma yake.

Ngoma hizo ni za namna nyingi. Kaskazini iko Kathak, ambayo jina lake latokana na neno katha, maana yake kisa. Wachezaji wake wa kale walikuwa wasimulizi. Kusini, katika nchi ya Watamil, iko Bharatanatyam. Katika zote mbili mikono husema: vidole huonyesha ua, mshale au ndege, na macho hufuata mkono. Miguuni hufungwa njuga ndogo, na katika Kathak pengine hupata mia kwa kila mguu. Mchezaji wa Kathak kwanza huyatamka mapigo kwa kinywa, kisha huyakanyaga yale yale, na tabla, yaani ngoma mbili ndogo zipigwazo kwa vidole, humjibu.

Ugumu uko katika hesabu. Mzunguko utumikao sana katika Kathak una mapigo 16, yaliyogawanywa manne manne. Pigo la kwanza huitwa sam: mchezaji na mpigaji huenda kila mmoja njia yake, lakini hawana budi kufika hapo pamoja. Ngoma nyingi za Afrika ya Mashariki huenda kwa mapigo 12, yagawanywayo kwa matatu au kwa mawili. Je, zitapatanaje? Mizunguko mitatu ya 16 ni mapigo 48, na minne ya 12 ni 48 vile vile. Basi wakianza pamoja kwa mwendo mmoja, wataachana, watapishana, kisha watakutana tena katika pigo la kwanza, wala hapana aliyeiacha hesabu ya kwao. Hapo ndipo penye utamu.

Kukutana kwa namna hii kuna mifano. Mwaka 1923 Uday Shankar, kijana wa Kihindi, alicheza London pamoja na Anna Pavlova, mchezaji mashuhuri wa Urusi. Naye Pavlova akamhimiza ajifunze sanaa ya nchi yake mwenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay, akaimba kwa Kiswahili katika sahani za santuri. Na baadaye waimbaji wa taarabu wa Mombasa walitumia tabla na nyimbo zenye mahadhi ya Kihindi. Morogoro nayo haikubaki nyuma katika kupokea mambo ya mbali: mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha bendi iliyojulikana kwa jina la Cuban Marimba, iliyochukua mahadhi ya Kyuba ikayavika maneno ya Kiswahili.

Lakini liko jambo la kuangaliwa. Bharatanatyam zamani ilihifadhiwa na wanawake waliotumikia mahekalu. Mwaka 1936 Rukmini Devi alianzisha chuo cha Kalakshetra, na ngoma ile ikapanda jukwaani kwa heshima mpya. Mwaka 1947 sheria ya Madras ilikataza wasichana kuwekwa wakfu kwa mahekalu. Sanaa iliokoka, lakini wengi wa wale walioitunza waliachwa nje ya heshima yake.

Katika milima ya Uluguru twaweza kuona somo hilo kwa karibu. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ngoma za kumtoa mwali ni mafundisho ya wanawake. Si kila jambo lake ni la kuonyeshwa hadharani. Basi atakayetaka kuunganisha njuga za Kihindi na ngoma za mlimani aanze kwa wenyewe: awaulize lipi la kuchezwa mbele za watu na lipi la ndani, na awape nafasi wao kwanza kulicheza. Tena kila upande uijue kwanza hesabu ya kwao, maana asiyejua pigo lake la kwanza hana mahali pa kukutana na mwenziwe.