Kufumba na kufumbua, ndege imetua!

JE, msomaji, umewahi kusikia safari ya ndege inayomalizika hata kabla abiria hajajiweka sawa kitini?

Usidhani ni mzaha. Kaskazini mwa Scotland kuna visiwa viitwavyo Orkney. Viwili kati ya hivyo, Westray na Papa Westray, vimetenganishwa na mkono mwembamba wa bahari, na kila kimoja kina kiwanja chake cha ndege. Kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ni kilomita 2.7 tu. Barabara ya kurukia ndege pale Jomo Kenyatta, Nairobi, ina zaidi ya kilomita 4. Yaani safari nzima ya wenzetu ingeanzia na kuishia kwenye lami yetu ya Embakasi, na lami ikabaki!

Katika ratiba, safari hiyo imepangiwa dakika 2. Upepo ukisaidia, hata dakika moja haitimii: iliyo fupi kuliko zote ilichukua sekunde 53. Wanafunzi, shikeni penseli. Gawanyeni 2.7 kwa 53, kisha zidisheni kwa 3,600. Mtapata kama kilomita 183 kwa saa. Kwa ndege, huo si mwendo wa kutisha.

Ndege yenyewe ni ndogo, aina ya Islander, yenye propela mbili na nafasi ya abiria wanane hivi. Kampuni ya Loganair imekuwa ikiwavusha watu hapo tangu mwaka 1967.

Huenda ukauliza: kwa nini wasipande mashua tu? Mashua zipo. Lakini bahari ya huko ni kali, na wakati wa baridi upepo na mawimbi hayamtanii mtu. Papa Westray ina wakazi wasiofika mia moja. Kisiwa kidogo namna hiyo hakiwezi kuwa na kila kitu, kwa hiyo mwalimu, daktari na mwanafunzi hutegemea ndege hiyo kama sisi tunavyotegemea matatu. Nauli za watu wachache haziwezi kugharimia huduma hiyo, ndiyo maana baraza la visiwa hivyo huchangia fedha. Bila ndege, familia zingehama moja baada ya nyingine, na kisiwa kingebaki cha ndege wa baharini.

Nasi tuna la kujifunza hapa. Anayekwenda Lamu kwa ndege hutua kisiwani Manda, kisha huvuka kwa boti. Na kuna mama mjamzito anayeishi kilomita 2.7 kutoka zahanati, lakini katikati pana mto usio na daraja. Ramani itasema yuko karibu. Mto ukifurika usiku wa manane, atakuambia ukweli mwenyewe.

Basi msomaji, ukiulizwa mahali fulani ni mbali kiasi gani, usihesabu kilomita peke yake. Uliza kwanza: kuna njia?