Fahamu: Kwa nini msitu wa Yangambi unahitaji mikono ya wanakijiji

Yangambi iko kando ya mto Kongo, kilomita zipatazo 100 kutoka Kisangani ukiteremka na maji. UNESCO iliutambua msitu wake kuwa hifadhi ya biosfia mwaka 1976. Lakini pembezoni mwake miti inakatwa kila siku, kwa mashamba na kwa makaa.

Je, ukiachwa hautajiotea wenyewe? Sehemu kubwa, ndiyo. Afromosia ni habari nyingine. Mti huu wa mbao ghali, ambao biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1992, una miche inayopenda jua. Chini ya kivuli kizito cha miti mikubwa, miche hiyo hufifia na kufa. Ndiyo maana kitalu na mtu wa kupalilia vina maana zaidi kuliko uzio.

Wanakijiji wamepanda pia akasia, inayokua upesi na kurutubisha udongo, ili makaa yapatikane bila kuugusa msitu wa asili. Hapa ndipo naona busara ya kazi hii ya kupanda: haimwambii mama mwenye sufuria jikoni asipike.

Salongo, kazi ya pamoja ya jamii, tunaijua; wengi waliifanya kwa kulazimishwa enzi za Mobutu. Ya kupanda miti inafaa iwe ya hiari, na mpandaji awe na haki juu ya anachopanda. Agizo la serikali ya Kongo la 2014 linaruhusu jamii kukabidhiwa msitu wa hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Uliza kijijini kwako kama ombi limeshapelekwa.