Magunia Yamejaa, Sahani Je?

Ukifika Kipsongo pale Kitale, mtaa wa mabanda wenye Waturkana wengi, utajiuliza maswali. Uko ndani ya Trans Nzoia, kaunti inayolisha Kenya mahindi, lakini hapa unga unapimwa kwa gorogoro, siku kwa siku.

Usidhani mwenye shamba ameponea. Anaweza kuvuna magunia na mtoto wake bado adumae. Mahindi meupe yanashibisha, ndiyo, ila vitamini A hutaipata humo. Halafu kuna ile tabia yetu: mayai yanaenda sokoni, soda inarudi nyumbani. Eti managu ni chakula cha maskini!

Bungoma walijaribu kitu poa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mradi wa Mama SASHA, chini ya kituo cha utafiti wa viazi cha CIP, uliwapa wajawazito vocha kliniki. Mama anaenda nayo kwa mkulima wa karibu, anapewa marando ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, anapanda kwake. Rangi hiyo ndiyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Mkulima naye analipwa. Hapo ndipo ujanja ulipo: kliniki na shamba zimeshikana.

Sasa wewe wa ploti, huna hata futi moja ya shamba? Gunia la udongo mlangoni linatosha kunde na managu. Ukipika, tia mafuta kidogo, maana vitamini A bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Na kile kiazi cha chungwa, muulize mama mboga wako kesho.